Waya wa Buluu na Msumari Wake

Mamangu hakuwahi kuielewa kazi yangu, na miezi ya kwanza hata mimi sikuwa na hakika kwamba naielewa. Nilikuwa nimemaliza shahada mwaka uliotangulia, nikapata mkataba wa muhula mmoja mmoja katika chuo kikuu upande wa Kisauni, nifundishe udukuzi wa kimaadili: namna ya kuvunja ulinzi wa kompyuta kwa ruhusa ya mwenyewe, ili aone nyufa zake kabla mwizi hajaziona. Nilimweleza mama hivyo hivyo, nyumbani Magogoni, naye akiwa anakuna nazi.

"Kwa hivyo wawafunza watoto wa watu kuvunja milango."

"Kwa ruhusa, mama."

"Na wakishajua kuvunja, hiyo ruhusa wataingoja?"

Swali hilo nilikaa nalo wiki nzima. Ndivyo nilivyo. Nikifunga mlango narudi kuujaribu mara mbili, mara tatu. Nikituma ujumbe nausoma tena, kana kwamba maneno yanaweza kubadilika njiani.

Labda ndiyo sababu nikawa mkali kuhusu barua. Mwanafunzi hagusi kitu kabla ya kuandika barua ya idhini, aseme ni mashine zipi atakazojaribu, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, nami niitie sahihi. Maabara ilikuwa na kompyuta kumi na mbili kuukuu, zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, bila njia ya kutoka nje. Wanafunzi waliuita mtandao huo Kisiwa. Palikuwa na waya mmoja tu, wa buluu, uliofika kwenye tundu la ukutani na kuingia mtandao wa chuo, nao tuliuchomeka pale tu tulipotaka kupakua programu. Huo waliuita Feri. Ukishachomolewa hutundikwa kwenye msumari karibu na dirisha. Kila kipindi cha vitendo kilianza kwa mtu kupaza sauti kutoka nyuma, akiuliza kama waya umechomolewa, "Mwalimu, feri imefunga?" Nami hujibu, "Imefunga," wakacheka, tukaanza.

Aliyefanikiwa kupenya mashine aliacha humo faili ndogo iitwayo hodi, yenye nambari yake ya usajili na saa. Huo ndio uliokuwa ushahidi wake wa kupata alama.

Ijumaa moja asubuhi msimamizi wa mitandao ya chuo aliniita ofisini kwake, akanigeuzia skrini. Ndani ya seva ya alama za mitihani, za chuo kizima, palikuwa na faili inayoitwa hodi. Ilikuwa na nambari ya usajili, na saa: jana yake, saa nane na dakika arubaini mchana.

"Huyu ni wako?"

Alikuwa wangu. Msichana wa mwaka wa nne kutoka Bofu, aliyevuka Likoni kila asubuhi na bado akafika darasani kabla ya wanaokaa jirani na lango.

"Kabadilisha chochote?" niliuliza.

"Hapana. Lakini ukimkuta mtu chumbani kwako, wangoja kwanza uhesabu shuka?"

"Mwizi gani aacha jina lake?"

"Mwizi uliyemfundisha wewe," alisema, wala hakucheka. Akanionyesha kwamba njia iliyotumika ni ya tundu letu la maabara. "Waya wenu ulikuwa umechomekwa. Na kuna mwenzake aliyemwona nao mkononi. Kamati ya nidhamu itakaa Jumatatu."

Nilijua maana yake. Kama aliutoa waya msumarini akauchomeka kwa makusudi, angesimamishwa masomo, na muhula ule wa mwisho ungempotea pamoja na shahada. Lakini kama waya ulikuwa ukutani tangu mwanzo, basi Kisiwa hakikuwa kisiwa tena. Seva ya alama ingemtokea kwenye orodha kama mashine yoyote ya mazoezi, na barua yake, yenye sahihi yangu, ilisema "mashine zote zinazoonekana katika mtandao wa maabara". Hapo kosa lingekuwa langu, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule.

Nikaenda maabara mbio. Waya ulikuwa msumarini, umekunjwa vizuri kuliko ninavyoukunja mimi.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kipindi cha vitendo cha mchana, niliuchomeka kupakua programu. Hilo nilikuwa na hakika nalo. Kuuchomoa pia nilikumbuka: ule mlio mdogo wa plastiki, vumbi vidoleni, msumari unaoyumba kidogo. Nilikumbuka vizuri mno. Ila nilikumbuka hivyo hivyo kwa Jumanne, na kwa wiki iliyopita, na kila nilipojaribu kuishika Alhamisi ilinijia Jumanne. Mtu anayeangalia kitu mara moja huenda akakumbuka siku aliyokiangalia. Mimi huangalia mara tatu kila siku, na kumbukumbu zangu zote zina sura moja.

Nikamtafuta mama anayefagia maabara wakati wa chakula cha mchana.

"Shikamoo, mama. Jana saa saba ulipofagia, ule waya wa buluu ulikuwa wapi?"

"Marahaba. Waya upi? Humo ndani mna nyaya kama mlenda."

"Ule wa dirishani."

Alifikiri, fagio kifuani. "Ulikuwa ukutani. Ulinikwaza mguu, nikautukana." Nilitaka kumkumbatia, ingawa jibu hilo lilinihukumu mimi. Kisha akaongeza, "Au ilikuwa Jumatano? Wallahi, mwanangu, usinitie kwenye kiapo."

Jumamosi na Jumapili nilikaa chumbani kwangu Frere Town nikichomeka na kuchomoa chaja ya simu, nikisikiliza mlio, kana kwamba ungenijibu.

Jumatatu tuliitwa mmoja mmoja, yeye kwanza. Alikaa humo dakika chache tu, akatoka macho chini, akaketi kwenye benchi la ukumbini. Nikaingia. Walikuwa watatu, na mwenyekiti wao mama mmoja mpole, jambo lililozidi kunitia hofu. Aliniambia kwamba mwanafunzi wangu amekiri kuushika waya na kuutundika mwisho wa kipindi, lakini alipoulizwa ni nani aliyeuchomeka alinyamaza.

"Mwalimu, wewe uliuchomoa kabla ya kipindi?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu kumbukumbu. Yaliyotoka ni haya: "Nadhani niliuchomoa."

Wa kushoto aliandika. Nilikuwa karibu, nikaona kalamu yake. Aliandika "Aliuchomoa." Ile nadhani yangu haikuingia kwenye karatasi, nami nikaiona haikuingia, nikashukuru, nikatoka.

Benchi lilikuwa moja. Nikaketi upande wa pili.

"Uliukuta wapi?" nilimuuliza.

"Ukutani, mwalimu. Tulipokuwa twafunga mabegi. Nikauona msumari mtupu, ndipo nikajua ile mashine niliyoingia haikuwa ya mazoezi."

"Kwa nini hukuniambia pale pale?"

Alinitazama kama aliyeulizwa kwa nini hakuvua nguo sokoni. "Mbele ya darasa zima? Nikuambie, mwalimu, umesahau? Niliutundika tu, nikusitiri. Nilidhani yamekwisha."

"Na humu ndani? Mbona humu hukusema?"

"Humu ndiyo zaidi. Watu wazima watatu, nikae niwahesabie makosa ya mwalimu wangu? Mamangu angesikia asingenipokea."

Alikuwa na kila sababu ya kunidanganya, na mimi nilikuwa na kila sababu ya kumwona mwongo. Nikawaza labda ananipima. Nikawaza labda anasema kweli, na kwamba jambo la kunihifadhi mimi limemfikisha ukingoni. Nikawaza kwamba hata sasa nawaza juu yangu.

"Si ulijibu bila kutazama," akasema taratibu, si kwa kulaumu. "Tulipouliza feri. Ulikuwa waandika ubaoni, umelipa dirisha mgongo. Kalamu ilikuwa imekauka, wewe waitikisa."

Kalamu. Hiyo niliikumbuka, na haikuwa ya siku nyingine yoyote: ya kijani, imekauka katikati ya neno, nami naitikisa kwa hasira huku nasema "Imefunga" kwa ubao. Kama niliuchomoa waya au sikuuchomoa sikujua, na mpaka leo sijui. Lakini kwamba niliulizwa, nikajibu bila kuangalia, mimi ninayeangalia kila kitu mara tatu, hilo nililijua.

"Waweza kwenda zako, mwalimu," aliniambia. "Inshallah watanihurumia."

Niliinuka. Mlango ulikuwa umefungwa, na sauti ndani zilikuwa za watu wanaomalizia jambo. Nikapiga hodi.

Walinisikiliza nimesimama. Nilimwomba wa kushoto afute alichoandika, na nikangoja mpaka alipofuta. Nikawaeleza kuhusu kalamu, nikawaonyesha barua yenye sahihi yangu. Mwenyekiti aliuliza kama najua ninachojifanyia. Nikajibu kwamba sina hakika, na hilo pia lilikuwa kweli.

Hakusimamishwa. Mimi nilipewa muhula mmoja zaidi, chini ya uangalizi, na msimamizi wa mitandao akabadilisha maneno yote ya siri ya seva yake bila kumshukuru mtu.

Zoezi la mwisho la muhula lilikuwa kuandika ripoti ya tukio la kweli la usalama: kilichotokea, sababu, na cha kurekebisha. Yeye aliandika juu ya Alhamisi ile. Ilikuwa ripoti safi kuliko zote, na penye sababu aliandika, "Waya ulikuwa umesahauliwa ukutani."

Nilimkata alama mbili. Pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu: Haikutajwa ni nani aliyejibu bila kutazama.

Alikuja na karatasi mkononi, amenuna kidogo. "Mwalimu, hizi mbili zanirudisha nyuma."

"Andika upya, utazipata."

"Basi zikae huko huko," alisema, akaikunja karatasi akaitia begini.