Daktari Aliyeogopa Sindano

Mwaka wangu wa kwanza katika chuo cha wauguzi nilidunga machungwa mengi kuliko yale ambayo wapangaji wote wa ploti yetu wangeweza kula. Binadamu nilikuwa sijadunga hata mmoja. Kila saa ya sindano ilipofika wodini nilikuwa nimejitafutia shughuli nyingine: kutandika vitanda, kupima joto, kusugua vyombo vya choo ambavyo vilikuwa safi tangu asubuhi. Wenzangu walidhani nina bidii.

Kumbe nyumbani Eastlands nilikuwa daktari. Mama alikwisha kutangaza, na mtaani kwetu ukishaonekana na yunifomu nyeupe siku moja tu, basi, huna jina jingine. Halafu kwetu iliaminika kwamba tembe ni za watoto. Dawa ni sindano. Mtu aliyetoka hospitali bila kudungwa alijiona amenyimwa haki yake. Kwa hiyo Jumamosi nikija nyumbani niliwakuta akina mama mlangoni, kila mmoja na kichupa chake kutoka duka la dawa, leso tayari imelegezwa kiunoni.

"Siwezi, akina mama. Sheria hairuhusu."

Ni kweli haikuruhusu, lakini hata ingeruhusu ningepanda juu ya paa nijifiche. Nao, badala ya kunidharau, wakanisifu. Eti huyu msichana ni mkali, hachezi na kazi. Nilivyozidi kukataa ndivyo sifa zilivyozidi, hadi nikaona haya kwenda kuteka maji.

Kisha mwalimu wetu wa wodini akafungua daftari langu la mazoezi, akakuta sehemu ya sindano haina sahihi hata moja. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Usipodunga mtu mbele yangu kufikia Ijumaa," alisema, "urudi kwenu utafute kazi nyingine."

Nilijifungia chooni nikalia. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote, lakini mikono yangu haikutaka kusikia.

Ijumaa asubuhi nikamkuta jirani yetu kitanda cha tano, amelazwa na kichomi. Alikuwa muuza samaki wa kukaanga, mwanamke mpana ambaye hata kichomi hakikuweza kuipunguza sauti yake. Muuguzi wa zamu alipomkaribia na trei ya dawa, alimfukuza.

"Mimi nitadungwa na daktari wetu," akatangaza, akininyooshea kidole. "Yule pale. Huyo hana mchezo. Huko kwetu amekataa kudunga watu kumi na wanne!"

Wodi nzima ikanigeukia. Mwalimu akanitazama juu ya miwani yake.

"Kumi na wanne?"

"Ni kweli, mwalimu," nikajibu. "Nimewakataa wote."

Akauma mdomo asicheke, akanipa ile trei. Nikavuta dawa, trei ikilia kwa mtetemeko wangu. Nikapima mahali pa kudunga kwenye kalio, juu, upande wa nje, kama tulivyofundishwa. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu.

"We msichana," sauti ya jirani yetu ikatoka ndani ya mto aliolalia, "unanidunga ama unanishonea rinda?"

Wagonjwa wakacheka. Nami nikacheka, na katika kucheka kule mkono ukasahau kutetemeka. Nikadunga. Nikaisukuma dawa nzito polepole, hadi ikaisha. Jirani yetu alipiga yowe ambalo nadhani lilisikika hadi jikoni.

"Pole, mama, pole sana," nikasema, na aliyekuwa akilia ni mimi.

Mwalimu akaweka daftari langu juu ya kabati la mgonjwa, akatia sahihi, akaenda zake.

Jirani yetu akageuka taratibu, akajifuta jasho kwa leso.

"Umeniumiza."

"Ndiyo, mama."

"Zimebaki ngapi?"

"Sita."

Akashusha pumzi, akajipiga kofi kalio la pili.

"Basi kesho ni huku. Na uje mapema, kabla hawa wauguzi wengine hawajanifikia."