Noah ilipinduka Ikungi, abiria wote tukamsingizia punda. Iliniponza mimi mwenyewe

Wakuu, heshima yenu. Mlionizidi umri, shikamooni.

Ninayoleta hapa yalinikuta mimi mwenyewe. Yote ni kweli isipokuwa kitu kimoja ambacho hakikuwahi kuwepo, na hicho ndicho kilichonifanya nifungue huu uzi.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Mandewa. Siku hiyo nilitoka Kintinku kupima sare za shule. Pale Manyoni nikapanda Noah ya abiria kurudi mjini kwetu. Dereva alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, kwa hiyo nikapewa siti ya mbele kama ndugu.

Ilikuwa mchana, jua la kusinzisha. Tulipokaribia Ikungi alizeti zilikuwa zimechanua pande zote mbili, njano tupu mpaka macho yanalegea. Redio ilikuwa chini chini, abiria wa nyuma wamelala. Nikageuka nimwambie shemeji jambo, nikaona kidevu chake kimeshuka kifuani.

Sikuwahi kumwita.

Wakuu, nilidhani gari likipinduka ni kishindo kimoja tu. Kwangu ilikwenda taratibu. Niliona alizeti ziko juu na mbingu iko chini, zikarudi, zikapanda tena. Kandambili ya mtu ikapita mbele ya uso wangu bila haraka yoyote. Nikawa nawaza kwamba kuna mtoto wa darasa la tatu sijaandika kiuno chake.

Kisha kimya. Tulilalia ubavu wa kushoto, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa nje ya dirisha.

Hakufa mtu, Mungu ni mwema. Mzee mmoja alivunjika nyonga, wengine michubuko. Mimi nilikatika kano za vidole. Kwa fundi, mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa. Bila huo, cherehani ni meza tu.

Hospitali, hata kabla PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, haijakauka wino, alikuja baba mzazi wa shemeji na chupa ya uji na kuku wa kuchemsha. Akazunguka kitanda kwa kitanda akitoa pole. Kwangu akakaa.

"Mwanangu, mkisema alilala atafungwa. Watoto wa dada yako watalelewa na nani? Semeni mnyama alikatiza. Si wanakatiza kila siku?"

Dada yangu alikuwa amesimama nyuma yake, machozi yanamtoka.

Basi, tukasema punda. Abiria wote, hadi yule mzee wa nyonga. Kwetu ndugu hapelekwi jela na ndugu, na ukishakula kuku wa mtu umeshakubali.

Askari aliyeandika maelezo yetu aliuliza tu, "Huyu punda alikuwa na rangi ngapi? Kuna aliyesema wa kijivu, kuna aliyesema mweusi." Hakungoja jibu. Akaandika.

Sasa sikieni maajabu. Nilimsimulia yule punda mara nyingi mpaka nikaanza kumwona. Nikifumba macho, yuko katikati ya lami, masikio yamesimama, anatutazama kwa upole kama anayetusubiri tupite. Ilifika siku sikujua tena nilichokiona ni kidevu au ni masikio. Niliogopa sana, sitawaficha.

Daktari akaniambia natakiwa kufanyiwa upasuaji Dodoma, na nikichelewa kano hazitashikana. Uwezo sina. Nikaenda kwa wakili mmoja wa msaada wa kisheria pale mjini, nikampa nakala ya maelezo yangu. Akasoma, akavua miwani.

"Dada, kwa karatasi hii dereva hana kosa. Mwenye kosa ni punda, na punda hana bima."

Akanielewesha. Gari la abiria lina bima kwa ajili ya watu kama mimi. Ila kampuni hailipi majeruhi mpaka ionekane dereva alikosea. Akikutwa na hatia, wa kulipa matibabu ni bima. Mali ya shemeji, hata ng'ombe wake, haiguswi.

"Nikibadilisha maelezo atafungwa?"

"Inawezekana. Hakuna aliyekufa, mara nyingi huwa faini na leseni kusimamishwa. Lakini siwezi kukuahidi."

Nikaenda kwa shemeji kwanza. Sikutaka asikie kwa watu. Nilimkuta nje anapepeta alizeti, nikamweleza yote. Alipepeta muda mrefu.

"Shemeji, mimi mwenyewe nimeanza kumwona huyo punda," akasema. "Ananiambia nilale."

Dada alitoka ndani akaniambia nisikanyage tena pale kwake.

Mimi nilikwenda polisi nikasahihisha maelezo, nikagombezwa ipasavyo. Siku ya kesi shemeji aliulizwa kama anakubali kosa. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, mkono kwenye bandeji.

"Nakubali. Nilisinzia, hapakuwa na punda. Naomba watu wangu watibiwe."

Alipigwa faini, akanyang'anywa leseni. Nakala ya hukumu ndiyo iliyofungua mlango wa bima. Mzee wa nyonga alitibiwa, na mimi nikapasuliwa Dodoma. Ila nilikuwa nimechelewa miezi kadhaa, na kidole kimoja hakikunjiki mpaka leo.

Funzo langu wakuu: ukipata ajali sema ulichokiona, hata kama dereva ni damu yako. Tulidhani tunamkinga ndugu, kumbe tuliyekuwa tunamkinga ni kampuni ya bima.

Shemeji sasa analima, huwa anakuja kunisalimia. Dada hajaja. Sikukuu iliyopita niliwashonea wanawe nguo kwa vidole vinne, akazirudisha zikiwa zimekunjwa vizuri.

Aliyewahi kuchagua kati ya haki yake na ndugu yake anisaidie hapo chini. Mlirudianaje?