Aksanti Mara Tatu

Kwetu Bukavu mgeni halalamikiwi usoni. Ukiniletea kuku mwembamba, mifupa mitupu, nitakuambia aksanti, tena nitairudia mara tatu, na kila aliyekulia hapa atajua ninachosema: ongeza. Kushukuru ni kuomba. Hilo sikufundishwa na mtu, nililinyonya. Lakini siku ile nilipokuwa mkalimani, mimi mwenyewe nililitupa.

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, ni mkunga katika kituo kidogo cha afya huko juu mlimani. Nchi moja ya mbali iliwapa pompi ya maji. Pompi ilitoka kwao, mabomba yalitoka kwao, fundi wa kuifunga alitoka kwao, hata bolti. Ilifanya kazi miezi michache, ikanyamaza. Fundi mmoja wa Nyawera, kule mjini, akapanda, akainamisha sikio, akacheka.

"Ni kipira ya ndani tu, maman. Nitakata ingine mu mupira ya pikipiki, dakika kumi."

Weee! Mkataba ulikataza. Kipira kitoke kwao, kifungwe na mtu wao, mwingine asiifungue pompi. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Unampa mtu chungu, halafu unamkataza kukifunua! Basi kila mama aliyekuja kuzaa alipaswa kuja na bidoni mbili za maji, yeye na uchungu wake wote. Aliyekuja mikono mitupu, yaya alimfutia mtoto kwa kitambaa kikavu.

Wageni wa nchi ile walipokuja kukagua, nikaitwa niwatafsirie. Asubuhi hiyo, kabla hajapanda kazini, yaya alinishika mkono mlangoni kwetu.

"Ubaambiye pompi ilisha kufa. Usizungukezunguke. Batume kipira, ao batuache tutengeneze siye benyewe."

"Nitasema, yaya."

Nikafika kituoni na wageni. Mungu wangu, wamama walikuwa wameiosha pompi ikang'aa, kwa maji ya bidoni! Wameifunga kitenge kipya kama bibi arusi. Madame, mkubwa wa wageni, akanyoosha mkono kwenye mpini, na papa prezida wa kamati, muzee mwenye koti zito juani, akaruka mbele.

"Hapana, madame asichafuke!"

Aibu ya mgeni ndiyo alikuwa anaikinga, si nguo zake: angevuta, maji yasingetoka. Madame akatabasamu, akauliza kama wameridhika. Muzee akavua kofia.

"Aksanti. Tena aksanti. Aksanti sana sana."

Wamama wakaguna, wote wakaelewa. Na mimi? Nikasema kwa Kifaransa merci, merci, merci beaucoup, neno kwa neno, kama simu. Kazini tuliambiwa mkalimani asiongeze neno lake, nami nilijifanya mtiifu. Kwenye mlango wa chumba cha kuzalia yaya alikuwa amesimama, ananitazama. Nilifungua mdomo. Madame alikuwa tayari anaandika, mvua inakuja, dereva anapiga honi. Nikaufunga. Woga tu, nisidanganye.

Baada ya miezi miwili barua ilifika kwa Kifaransa. Yaya akaniita nimsomee. Tulisimama palepale mlangoni, ndani mama mmoja analia kwa uchungu. Nikatafsiri polepole: kwa kuwa walengwa walionyesha kuridhika kabisa, mradi umekwisha vizuri na umefungwa. Mafundi hawatarudi. Masharti ya mkataba yanabaki.

"Nani alibaambia tuliridhika?" yaya akauliza.

Nikaikunja barua.

"Siye tulisema aksanti. Ni weye ulisema merci."

Nilitaka kubisha kwamba ni neno lilelile. Yeye alikuwa ameshaingia ndani, akatoka na bidoni tupu, akanisukumia kifuani.

"Mama iko anazala, maji haiko. Shuka."

Nikashuka hadi kwenye chemchemi, njia ya utelezi, viatu vyangu vya ofisini mkononi. Nikapanda na lita ishirini mgongoni, nimejaa hasira, kwa wale wenye mkataba, kwa papa prezida na adabu zake, kwangu zaidi. Nilipofika mtoto alikuwa amezaliwa. Yaya akamwaga maji yote kwenye beseni, yakaisha kabla hajamaliza kumwosha mama mwenyewe. Yule mama akageuza kichwa kitandani, akaniona nimesimama na bidoni tupu.

"Aksanti, dada," akasema. "Aksanti. Aksanti sana."

Nikafunga tena kamba kwenye bidoni, nikashuka.