Waya Moja ya Mangateen

Ukitaka kumjua Mwalimu Ketty wa darasa la nne pale Munuki, njoo siku ya somo la umeme. Vifaa vyake ni betri za tochi, balbu ndogo na vipande vya waya. Yaliyobaki yote ni maneno, na hayo anayo tele.

Haanzi na ubao. Anawapanga watoto duara, wameshikana mikono, kisha anawasimulia habari za Stima, kijana mwoga anayeishi ndani ya betri. Huyu hatoki kwao mpaka aone njia ya kurudi. Anakwenda kwa njia hii, anamsalimu balbu, balbu anacheka na kung'aa, halafu kijana anarudi kwa njia ile nyingine.

"Na mkiachana mikono?"

"Anakataa kutoka."

Basi wanaachana makusudi, na yule aliyekuwa balbu anajiangusha chini amezimika.

Mvua za mwaka huu zilipokaribia, msichana mmoja aliinua mkono. Ni Nyawal wa Mangateen, kambi ya waliokimbia vita, ambaye Kiswahili chake alikileta kutoka ukimbizini Kakuma.

"Mwalimu, kwetu waya ni moja tu."

"Basi kwenu ni giza, mama."

"Inawaka. Stima wa kwetu si mwoga."

Darasa lilicheka, Ketty naye akacheka. Lakini jambo lile lilimkaa moyoni, na baada ya masomo akaongozana na mtoto hadi kwao. Akaona. Kutoka kwenye jenereta ya Lubega, Mganda kama Ketty mwenyewe, anayewauzia watu umeme, waya moja ilikuja juu ya mahema hadi kwenye balbu. Upande wa pili wa balbu ulifungwa kwenye nondo iliyochomekwa ardhini, pale pale ambapo Gatluak, mdogo wake Nyawal, alikuwa akichezea udongo bila viatu. Kila hema lilikuwa na nondo yake. Njia ya kurudi ilipita chini ya miguu ya watoto.

Ardhi ikiwa kavu, labda hawadhuriki. Ikilowa je?

Akaenda kwa Lubega.

"Nyabo, dada yangu, mimi iko najua," Lubega alimwambia taratibu, akimsogezea kiti. "Nilivuta waya mbili. Ya pili wakakata, wakauza shaba. Nikavuta tena, wakakata tena. Nifanye nini?"

"Zima mvua ikinyesha."

"Wateja watanipiga. Wewe ndio utawaambia?"

Akajaribu kwa mama yake Nyawal, anayechaji simu za majirani kwa waya ile ile. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Ustaza, nikiitoa nondo, hapa ni giza na kazi yangu imekwisha. Gatluak nitamkataza."

"Mtoto wa miaka mitatu?"

"Nitamkataza," alirudia, akatazama kando.

Ketty akakusanya matawi ya miiba, akaizungushia nondo. Asubuhi Nyawal alimwambia kwamba jirani aliyachukua kuwashia moto.

Siku mbingu zilipofunguka, somo lilikuwa katikati. Mabati yalipiga kelele hata sauti yake mwenyewe hakuisikia. Uwanja ukawa ziwa, na barabara ya kwenda Mangateen ikafunikwa maji. Akampigia Lubega. Haipatikani. Akapiga tena.

Nyawal alikuja akasimama karibu naye mlangoni.

"Mama ameenda sokoni," alisema. "Gatluak amebaki na bibi, na bibi haoni vizuri. Mwalimu, niende?"

"Huwezi kuvuka maji haya."

"Kwani Stima saa hizi anapita kwetu?"

Ketty, aliyekuwa na jibu la kila swali la Stima, alimvuta mtoto kifuani.

"Sijui, mama. Sijui kama wamewasha jenereta."

Akapiga simu tena. Nyuma yao watoto walikuwa bado wameshikana mikono, wakimngoja aendelee.