Nilitupa nyasi zenye "sura mbaya", mtani wetu akaziokota. Kiangazi kikaniumbua

Wakuu, poleni na majukumu. Hiki kimenitokea mimi mwenyewe huku Nachingwea, sijaongeza chumvi. Mkibisha, mama yangu yupo, na atafurahi mno kuwathibitishia.

Kwanza mnijue. Sijasomea kilimo. Nimejifundisha kwa simu na kwa kuuliza watu. Halafu nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kinyooke. Hata aya hii nimeifuta na kuiandika upya.

Mama ana ng'ombe mmoja wa maziwa. Kila kiangazi malisho yanakauka na maziwa yanakata.

Nikamwomba kipande cha shamba la ufuta nijaribu nyasi za malisho. Akakubali kwa sharti: kiangazi kikifika ng'ombe hana jani bichi, kipande kinarudi kwenye ufuta na mimi nisifungue mdomo.

Nilikuwa nimejifunza kwamba watu wa breeding, yaani wanaozalisha mbegu bora, hukusanya mashina ya nyasi ileile kutoka sehemu nyingi, wakayapanda pamoja, wakaona tofauti zake, ndipo wakachagua.

Basi nikapanda bodaboda mpaka Nkowe, kule Ruangwa. Nikaenda Ruponda. Kilimarondo nilichimba huku nageuka nyuma kila saa, maana tembo wa kule hawapigi hodi.

Nikayapanda yote kwa mistari kwenye kipande changu. Mvua zilipokolea, vituko vikaanza. Shina moja likarefuka kunipita. Jingine likalala chini na kutambaa kama mtoto. Mengine yana majani mapana laini, mengine yana vinywele vinavyowasha. Mengine yakatoa maua wenzake hata hawajachangamka.

Ndicho nilichokuwa natafuta, sivyo?

Lakini nilitaka kupiga picha nitume kwenye kundi la wafugaji, na kila picha ilinikera. Mstari haunyooki!

Nikang'oa mafupi. Nikang'oa yenye vinywele. Nikang'oa yanayotambaa. Yakabaki marefu, mapana, sare kama wanafunzi mstarini. Picha ikatoka safi sana.

Akapita Bi Somoe, bibi wa jirani ambaye ni mtani wa ukoo wetu. Huku kwetu mtani akichukua kitu chako hulalamiki, unacheka tu.

"Mume wangu, hawa uliowafukuza wamekosa nini?"

"Wana sura mbaya, bibi."

"Mama yako naye angechagua kwa sura, wewe ungekuwa wapi saa hizi?"

Akafunga rundo lote kwenye kanga. "Nakwenda kuwapanda kwangu. Siku ya shughuli yenu nitawaonyesha watu ulivyo katili."

Nikacheka. Nilidhani amenisaidia kufagia.

Kiangazi kikaja. Nyasi zangu nzuri zikakauka zote kwa pamoja, utadhani zilifanya kikao.

Mama akaja, akatazama, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hivi mbegu ya ufuta tuliiweka wapi?"

Wakuu, usingizi ulipaa.

Nikajikokota kwa Bi Somoe. Pembeni ya mikorosho yake mashina mengi yalikuwa yamekauka pia, nisiwadanganye. Lakini lile la kutambaa, nililolitoa Ruponda, lilikuwa kijani na limeshatawala.

"Bibi, unalimwagilia?"

"Maji gani? Mimi mwenyewe naoga kwa mgao! Nililiweka hapo nikucheke tu, hata mimi nalishangaa."

Nikaomba vipando. Akakataa mpaka nizitake radhi nyasi, kwa sauti, majirani wasikie.

Nikachuchumaa. "Shikamoo."

Akaitikia yeye kwa niaba yao: "Marahaba. Umekuja leo kwa sababu una njaa."

Nilirudi na mzigo wa majani na vipando. Ng'ombe alikula, vipando nikavichomeka mstari wa kati. Mama akasema kipande kibaki mpaka kiangazi kijacho, ila mkaguzi awe Bi Somoe.

Nilichojifunza: usichague nyasi kabla hujaziona mwaka mzima. Yale marefu sijayadharau, yakichipua masika yatalisha vizuri. La kutambaa zamu yake ni jua kali. Ukibaki na sura moja, likija tatizo moja zinaondoka zote.

Kama huko kwenu kuna nyasi ya ajabu ambayo mifugo inaipenda, nielezeni inavyokua na inavyostahimili ukame. Kutaniwa ruksa, nimeshazoea.

Picha ya shamba lilivyo sasa ndiyo hiyo hapo chini. Mstari wa kati umepinda vibaya.

Nimeuona. Sijaugusa.