Chipu za Baba Mdogo Hamisi

Hadi leo nikisikia harufu ya risasi ikiyeyuka kwa fundi redio, navuka barabara. Naijua tangu Etobicoke, kule Kanada, ghorofa ya kumi na mbili, miaka ya elfu mbili mwanzoni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba mdogo Hamisi aliniomba kwa wazazi nikasome Kanada. Pasipoti yangu akaifungia kwenye droo yake.

Alitengeneza saa za taa za kizamani: vichupa vya kioo, ndani mna namba za waya zinazowaka rangi ya kaa la moto. Taa hizo zinataka umeme mkali, kwa hiyo kila moja lazima iwe na chipu ya kuuhimili, iwashe namba moja na kuzima nyingine. Yeye alinunua chipu za Kirusi za bei rahisi, zilizong'olewa kwenye mitambo mibovu, mifuko kwa mifuko. Nyingi zilivuja umeme. Unawasha tatu, nane nayo inawaka kwa mbali, kama mzimu.

"Mchele unajua kuchambua, Asha? Basi na hizi ni mchele."

Akanipa sinia. Kila moja naijaribu kwenye taa, sifuri hadi tisa, nzima kulia, mbovu kushoto, tangu mabasi ya shule yanapita kule chini hadi yanarudi. Nikilalamika, mkewe, Zuhura, ananicheka: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shule utakwenda Septemba." Septemba ipi, hakusema. Tena akaniapia kwamba polisi wakiniona nje peke yangu watanifunga. Nikaamini, mjinga mimi.

Siku moja nikaona kwenye kitabu cha vifaa cha baba mdogo picha ya chipu mpya. Hiyo moja inaendesha taa kadhaa, na haichambuliwi. Ndugu zangu, nilijua akinunua ile nimepona. Nikaanza kutupa nzima kushoto pamoja na mbovu. Baada ya wiki mbili, kulia kumebaki chipu saba. Nikampelekea sinia.

"Baba mdogo, hizi zimeoza. Si ununue zile mpya?"

Akatazama sinia, akanitazama mimi. "Mpya za nini, na wewe upo?"

Kesho yake akaleta mifuko miwili zaidi.

Nilikaa pale miaka minne, na kwa muda mrefu nilijilaumu kwamba sikutupa za kutosha. Ukubwani ndipo nikaelewa kwamba hata ningezitupa zote, ni kazi bure. Hamisi alishapima gharama za chipu zake, ya Kirusi na mpya, na kwenye mzani wa ile ya Kirusi alikuwa ameniweka mimi, nisiyelipwa hata senti.