Swali la Kupanga Chumba

Siku Mwalimu Pindo alipokuja kuomba kazi, Dalali alimkalisha makusudi kwenye kiti kibovu. Ndivyo alivyozoea: mtu akikaa vibaya hakawii kukubali. Alikuwa ameanza na kuuza vitanda chakavu, akawa dalali wa nyumba kwa miaka kumi na miwili, na sasa alikuwa na chuo cha wahudumu wa vyumba vya hoteli, ghorofani juu ya duka la mabati. Jina la Dalali lilikuwa limemganda hata baada ya kuanza kuvaa tai.

Mama yule, mtu mzima, mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni, alikaa. Kiti kikalia. Yeye hakutikisika.

"Mshahara umeuona kwenye barua," Dalali alisema. "Hauongezeki."

"Sijaja kuuongeza. Nina masharti matatu."

"Haya, tema."

"Kabati lenye kufuli la karatasi za majibu, na asitie mtu mkono humo ila mimi. Kila swali la mtihani lisomwe na mwalimu wa pili kabla halijachapwa. Na kusahihisha nipewe wiki mbili."

"Siku nane."

"Kumi na mbili."

"Kumi, mama, tusitoane jasho bure."

"Kumi."

Dalali alimpa mkono akijiona amemla mchana kweupe. Kabati lilikuwepo stoo likikusanya vumbi, na macho ya mwalimu wa pili hayalipiwi. Lile kabati lilikuwa na funguo mbili. Mmoja alimpa yule mama. Wa pili aliutia mfukoni bila hata kufikiri, kama alivyofanya na kila nyumba aliyowahi kupangisha.

Jina la Pindo alipewa na wanachuo. Karatasi ya majibu ikimfikia, alikunja pembe yenye jina la mtu, akaibana kwa pini, kisha akaipa namba. Alisahihisha swali la kwanza la watu wote, akazichanganya karatasi kama mcheza karata, ndipo akaingia swali la pili. Mengine aliyoyafanya nyuma ya mlango ule Dalali hakuuliza. Kwake kusahihisha kulikuwa kama kufua: nguo irudi safi, maji ya sabuni ni shauri la mfuaji.

Siku moja alimsikia kupitia mlangoni akiongea na mwalimu wa ufuaji, msichana mcheshi aliyekuwa msahihishaji wa pili.

"Shangazi, unajitesa," msichana alisema. "Miandiko yao yote unaijua."

"Ndiyo maana najitesa. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na mwanafunzi mmoja mkorofi. Karatasi yake niliisahihisha baada ya kumaliza ya yule bora darasani. Nikampa thelathini na nane, nikaziandika daftarini. Mwezi uliofuata niliikuta mezani, jina limefunikwa na kitabu, nikadhani ya mtu mwingine. Nikaisahihisha upya. Hamsini na nne."

"Ukamrudishia?"

"Matokeo yalishatoka. Alikuwa amekwenda kwao. Nilimfelisha kwa ukorofi wake, si kwa majibu yake."

Dalali alitikisa kichwa huko nje. Mtu mzima mwenye akili zake, kubeba alama kumi na sita miaka thelathini!

Mwaka huo bodi ya mitihani ilikuwa imempa kibali cha majaribio: chuo kitunge na kusahihisha mtihani wake chenyewe, na vyeti vyake vitambuliwe. Kibali hicho ndicho kilichokuwa chuo. Bila hicho alikuwa na ukumbi wenye vitanda kumi na viwili visivyolaliwa na mtu. Maofisa wangekuja baada ya mtihani kukagua karatasi. Wakiridhika, kibali kingekuwa cha kudumu. Wasiporidhika, kingerudi mikononi mwao.

Asubuhi ya kuchapa mtihani, Mwalimu Pindo alikuwa hospitali kupimwa macho. Dalali aliishika karatasi ya maswali matano aliyoiacha, yamesomwa na yametiwa sahihi mbili, akaona chini pamebaki nafasi tupu. Nafasi tupu ilimuuma kama jino. Katika nyumba angeweka humo mpangaji. Akachukua kalamu, akaongeza la sita: *Eleza hatua tano za kupanga chumba. (Alama 20)*. Akaandika na majibu yake kwenye mwongozo wa kusahihisha: tandika kitanda, weka taulo, sogeza meza, panga vyombo vya chai, nyoosha pazia. Hakumwonyesha mtu. Swali la mstari mmoja, la nini kuitana?

Wanachuo sitini na wawili wakaufanya.

Jumamosi, wakati wa chakula cha mchana, mdogo wa mkewe, naye mwanachuo, alikaa mezani na furaha zake.

"Shemeji, swali la sita nimelichapa barabara! Hatua ya kwanza: tafuta dalali asiye mwongo."

Mkewe Dalali aliangua kicheko. "Umemwona wapi huyo?"

"Nimeandika kabisa kwamba ni adimu. Hatua ya pili, uliza maji hukatika mara ngapi. Ya tatu, kagua choo."

Dalali naye alikuwa akicheka. Kisha kijiko kikasimama njiani.

"Wewe, swali lilisema kupanga chumba."

"Ndiyo. Kupanga. Si kuhamia huko?"

"Kuweka vitu mahali pake! Kitanda! Taulo!"

Binti akamtazama. "Lakini shemeji, mbona nusu ya darasa tumeandika vilevile? Wengine walisema hilo swali la bure, bosi katuonea huruma."

Mkewe aliacha kucheka. "Baba, huyu akifeli mtihani wa chuo chako mwenyewe, uso wangu nitauweka wapi mbele ya mama?"

Dalali alikirudisha kijiko kwenye sahani. Miaka kumi na miwili alikula, akavaa na akaoa kwa neno hilo moja. Asubuhi ile, na tai yake shingoni, alilisahau.

Jumatatu barua ya bodi ilifika: maofisa wawili watakuja wiki ijayo, Jumatatu, saa tatu asubuhi. Dalali aliisoma amesimama, kisha akapanda chumba cha Mwalimu Pindo. Mlango ulifunguliwa kiasi cha kutoa uso.

"Mama, hilo la sita."

"Nimeliona."

"Wangapi wameandika mambo ya kukodi?"

"Ishirini na tisa." Alivua miwani. "Nani alilisoma kabla ya kuchapwa?"

Hapo angeweza kusema kweli. Badala yake mdomo ulijiendea, kama zamani mteja alipouliza kama paa linavuja.

"Mwalimu wa ufuaji alilipitia."

Mwalimu Pindo aligeuka nyuma. Mwalimu wa ufuaji alikuwa ndani, nyuma yake, na meza yao ilikuwa moja.

"Basi nitaliandikia maelezo," akasema, akafunga mlango.

Maelezo! Neno hilo lilimfuata Dalali wiki nzima. Aliwahi kuandika maelezo mara moja maishani, kituo cha polisi, kwa ajili ya nyumba iliyopangishwa kwa watu wawili. Alimwita yule mama akamwahidi umakamu wa mkuu wa chuo. Akajibiwa, "Niache nimalize, baba." Alimwomba aone alichoandika. "Wataona wote Jumatatu." Kila alipopita kwenye korido alisikia karatasi zikichanganywa ndani, frr, frr, halafu kimya. Ijumaa kimya kilikuwa kirefu kuliko sauti. Yeye aliyeweza kumsoma mteja kwa viatu vyake alishindwa kumsoma mtu aliyemlipa mwenyewe.

Jumapili alasiri chuo kilikuwa kitupu. Vitanda vya mazoezi vilikuwa vimetandikwa, mashuka yamekazwa, safu mbili, kama wodi inayosubiri wagonjwa. Dalali alipita katikati yake, akaingia chumbani mwa Mwalimu Pindo, akatoa ule ufunguo wa pili wa kabati.

Karatasi zote sitini na mbili zilikuwepo, pembe zimekunjwa. Alifunua ya kwanza. Majibu yapo, pembeni peupe. Hakuna tiki, hakuna mkasi wa kosa, hakuna alama. Ya pili, hivyohivyo. Alifunua kumi, kumi na tano. Siku zote kumi zilikuwa zimekwisha na yule mama hakugusa hata swali moja! Kumbe alikuwa amejifungia humo akiandika maelezo tu. Kesho maofisa wangekuta mtihani usiosahihishwa, na juu yake barua ya kumchongea.

Akavuta kiti. Hakuwa na saa za kusahihisha yote, lakini angalau hao ishirini na tisa wasionekane wamefelishwa na swali lake. Akachukua kalamu nyekundu iliyokuwa mezani, na pembeni ya jibu lao la sita akaandika: 13, 15, 12, 14. Alibadilisha namba kwa hila, zisifanane. Alipomaliza alifunga kabati. 

Saa tatu kamili maofisa walifika, mwanamume na mwanamke. Mwalimu Pindo alifungua kabati mbele yao. Yule mwanamke alichambua karatasi, akaweka moja kando. Akaweka nyingine. Rundo la pembeni likakua, na Dalali alijua litakoma kwenye ngapi.

"Namba hizi nyekundu ni za nani?"

Mwalimu Pindo aliinama, akatazama. Alikawia kuinua kichwa.

"Si zangu. Sisi hatuandiki alama kwenye karatasi ya mtu. Msahihishaji wa pili akiiona alama ya wa kwanza, anaifuata." Alitoa mkobani bahasha mbili, moja yake na moja ya mwalimu wa ufuaji, na ukurasa mmoja uliopigwa chapa. "Alama zetu ni hizi. Na haya ni maelezo ya swali la sita."

Ofisa wa kiume aliusoma kwa sauti, polepole. Swali lina maana mbili. Kosa ni la chuo, si la watahiniwa. Maana zote mbili zimekubaliwa, kila moja imetungiwa mwongozo wake, na wasahihishaji wawili wametofautiana kwa alama tatu tu. Jina la Dalali halikuwemo.

"Hili lingepita," ofisa akasema, kama mtu anayesikitikia sahani iliyovunjika. "Tunaona maswali mabovu kila mwaka. Lakini hili la kalamu… kabati lina funguo ngapi?"

Mwalimu Pindo alisema, "Mmoja," kwa sababu ndivyo alivyoamini. Kisha akageuka akamtazama Dalali. Chumba kizima kikageuka naye.

Kibali kilirudishwa wiki hiyohiyo. Thelathini na watatu walipata vyeti. Karatasi ishirini na tisa zilifutwa kwa kuingiliwa, ingawa kwenye orodha za ndani ya bahasha, wenyewe ishirini na wanne walikuwa wamefaulu; wote ishirini na tisa wakarudia mwaka kwenye chuo kingine. Shemeji mtu alikuwa na sitini na moja. Hajakanyaga tena nyumbani kwa dada yake, na mkewe Dalali hupakua chakula kisha chake hukila jikoni.

Mwalimu Pindo, kwa kuwa kabati lilikuwa dhamana yake, aliondolewa kwenye orodha ya wasahihishaji wakati wa uchunguzi. Miezi minne baadaye alipata barua ya kumsafisha, mistari miwili. Nafasi yake ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Dalali amerudia udalali. Ukumbi ule ameugawa kwa mbao, vyumba sita, na vyote vina wapangaji.